Sura ya Tano: Baba Hajawahi Kuniambia Ananipenda

Swali hili huulizwa na vijana, tena kwa aibu kidogo, baada ya maswali ya ada na kazi kwisha: mbona baba yangu hajawahi kuniambia ananipenda? Wengine huuliza kuhusu mama, na wanawake waliokaa kwenye ndoa miaka ishirini huuliza kuhusu mume. Filamu zimetuzoesha kuona watu wakiagana kwa "nakupenda". Halafu wewe unampigia mzee wako Korogwe, unamweleza mambo yote, naye anamaliza kwa "Haya, wasalimie wote," na simu imekatwa. Ndiyo basi?

Jibu langu ni kwamba mapenzi yake unayatafuta mahali asipoyaweka. Wazee wengi wa kwetu hawayatamki ana kwa ana. Huyapitisha kwenye jambo jingine lililo baina yao na wewe: sahani iliyofunikwa ukichelewa kurudi, nauli iliyokunjwa na kutiwa kiganjani, kitabu, hata paka. Katika sura hii nitaliita jambo hilo kitu cha katikati, yaani chochote ambacho watu wawili wanakishughulikia pamoja, mapenzi yakapata pa kupita bila mtu kulazimika kuyasema. Kila nyumba inacho. Wachache ndio wanaokitumia kwa makusudi.

Nitashughulika na viwili tu, vitabu na wanyama wa nyumbani. Kanga naiacha. Imeshaandikiwa vya kutosha, na isitoshe nusu ya maandishi ya kanga ni ya kusutana.

Wazazi wawili walioandika

Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, mama mmoja mgonjwa alimwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Binti ni Mwana Hashima. Kilichotoka hapo ni utendi wa beti mia na ushei, ambao unasomwa mpaka leo. Mwandishi hakuishi muda mrefu baada ya kuutunga.

Yaliyomo yana ubishi. Mama anausia dini, adabu na usafi, kisha anafika kwenye kumtunza mume, na hapo anakwenda mbali: mume atunzwe kama mtoto mdogo ambaye hajajua kusema. Msichana anayeusoma leo darasani Mombasa ana haki ya kuguna. Wapo wanaoona kwamba mama mwenyewe alikuwa anacheka chini kwa chini alipofika beti hizo, na mimi siwezi kuapa kwamba wamekosea. Lakini hebu tazama kitendo chenyewe. Mwanamke aliyehisi siku zake zinakwisha angeweza kumkumbatia mwanawe akalia, na pengine alilia. Alichochagua kumwachia, hata hivyo, ni maneno yaliyopimwa mizani na kutiwa vina, yanayokaririka na kuimbika, ili binti aweze kuyarudia mwenyewe mama atakapokuwa kaburini.

Mzazi wa pili ni baba, na huyu ni muhimu kwa wanaodai kwamba mwanamume wa Kiafrika haonyeshi mapenzi. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akawa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki, naye akamtungia shairi la maombolezo lenye jina la marehemu. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati. Mwanawe wa kiume alimtungia Utenzi wa Adili. Kisha akazitia tenzi zote mbili ndani ya kitabu cha maisha yake, zisomwe na kila mtu. Karani, mgane, mwenye suti na kofia, na hakuona haya.

Si lazima uwe malenga. Ukimnunulia mtoto kitabu, fungua ule ukurasa mtupu wa mwanzo uandike kwa mkono wako: jina lake, tarehe, mji mliokuwa, na sentensi moja inayomhusu yeye peke yake. "Ulikataa kutoka dukani mpaka nikununulie hiki" inatosha kabisa, tena ni bora kuliko "Elimu ni ufunguo wa maisha," ambayo imeshachorwa kwenye kuta za shule nchi nzima. Kwa wauza vitabu vya mitumba wa Nairobi, wale wanaopanga bidhaa chini mpaka watu wakayaita maduka yao "inama", utakutana na vitabu vyenye maandishi ya namna hiyo, baba fulani kwa binti fulani, miaka mingi iliyopita. Mimi husoma ukurasa huo kabla ya kuuliza bei. Siku nyingine naununua huo, si kitabu.

Kusomeana

Wazazi wengi wanaojaribu kuwasomea watoto huacha baada ya wiki, nao husema mtoto hapendi vitabu. Ukikaa pembeni ukasikiliza utaelewa kwa nini. "Soma hapa. Hili neno gani? Rudia. Umelala?" Mtoto ametoka shule saa kumi jioni, na sasa shule imemfuata hadi kitandani. Kitabu kimekuwa mtihani, na mzazi amekuwa msimamizi.

Ipo namna nyingine. Mwaka 1988 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio walilofanya na wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi. Kundi moja liliendelea kusoma kama kawaida. Kundi jingine lilifundishwa kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kusubiri jibu, kisha kuliongezea mtoto alichosema. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa kundi la pili walikuwa mbele kwa kuzungumza. Mtindo huo tunaweza kuuita kusoma kwa mazungumzo: kitabu kinakuwa sababu ya kuongea.

Nyumbani huwa hivi. Picha ni ya fisi amelala chini ya mti.

"Fisi," anasema mtoto.

"Eeh, fisi. Mbona kashika tumbo?"

"Njaa."

"Njaa, au kavimbiwa kama mjomba wako siku ya harusi?"

Mtoto anacheka, anatazama tena picha, anakuta mfupa nyuma ya mti ambao mama hakuuona. Sasa mtoto ndiye anayemwonyesha mama. Dakika kumi zimepita na ukurasa haujafunguliwa, wala hakuna hasara yoyote.

Kusema kweli, watafiti wale wangefika uani kwa bibi yeyote wa pwani wangeokoa fedha zao. Hadithi ya Kiswahili haianzi mpaka msikilizaji aitikie. Bibi anasema "Paukwa!" na asipopata "Pakawa!" ya nguvu ananyamaza, au anauliza kama watu wameshalala. Msikilizaji ana zamu yake tangu neno la kwanza. Shule ndiyo iliyotufundisha kukaa kimya mtu anaposoma.

Kwa hiyo mzazi au bibi asiyejua kusoma hana sababu ya kujiondoa. Mpe mtoto wa darasa la tatu kazi ya kuwa msomaji wa nyumba. Atakwama kwenye neno, ataruka mstari, na bibi atamkatiza: "Hapana, hapo sungura alikuwa hajaingia kisimani bado." Bibi anaijua hadithi kuliko kitabu, mtoto anazijua herufi kuliko bibi, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Nyumba yenye watu hao wawili haikosi kitu jioni, hata televisheni ikiharibika.

Vitabu ni ghali, hilo halina ubishi. Lakini Dar es Salaam ina Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na mikoa mingi ina matawi yake. Kwa mwenye simu, mradi wa African Storybook unatoa hadithi fupi za picha bure mtandaoni, nyingi zikiwa kwa Kiswahili. Unazipakua mara moja, na unazisoma hata bila intaneti.

Mambo machache yanayosaidia:

- Saa iwe ile ile kila siku, hata kama ni dakika kumi tu. Mtoto anaizoea saa kabla ya kukizoea kitabu.
- Mwache ashike kitabu na afungue kurasa yeye. Zitachanika mbili tatu.
- Akitaka kile kile alichosomewa jana na juzi, msomee. Anachokipenda hapo ni kujua kinachokuja, na kwamba ni wewe unayekileta.
- Umeme ukikatika, malizia kwa kichwa. Mara nyingi mwisho wako utakuwa mzuri zaidi.

Kwa ufupi: kusomeana si somo la Kiswahili. Ni nafasi ya watu wawili kukaa bega kwa bega, macho yao yakiwa kwenye kitu kimoja, na kwa wengi wetu ni rahisi kusema mambo tukikaa hivyo kuliko tukitazamana.

"Paka kala?"

Kila mtaa una mzee wa aina hii. Hakuulizi matokeo ya mtihani, hakuulizi kama umepona homa. Anafika mlangoni, anavua viatu, anauliza: "Paka kala?" Watoto wake wanajua kwamba swali hilo lina maana pana. Paka akiwa amekula, basi mpishi yupo, chakula kilipatikana, na hakuna aliyelala na njaa. Na mume na mke wakinuniana, paka huyo huyo hugeuka tarishi: "Wee paka, mwambie baba yako chai inapoa." Paka hasemi chochote, lakini chai inanyweka.

Paka na watu wana uhusiano mkongwe. Paka wa nyumbani anatokana na paka mwitu wa jamii inayoishi hadi sasa kwenye mbuga za Kenya na Tanzania. Wale wa Mashariki ya Kati walisogelea maghala ya nafaka kwa ajili ya panya, wakakaa. Huko Saiprasi wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya mtu na ya paka ikiwa imezikwa ubavu kwa ubavu, takriban miaka 9,500 iliyopita. Saiprasi ni kisiwa, kwa hiyo kuna mtu aliyempakia paka kwenye chombo akavuka naye bahari.

Pwani yetu paka ana heshima ya ziada kwa sababu ya dini. Si najisi, huzunguka nyumbani kama mmoja wa wakazi, na Abu Huraira, sahaba maarufu kwa kupokea hadithi za Mtume, alipata lakabu yake kwa sababu ya kitoto cha paka. Mbwa ana hali nyingine. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani, mate yake ni najisi, hivyo hukaa nje. Lakini kukaa nje si kuteswa. Kisa cha mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, kinasimuliwa madrasa zote, na watu wa pangoni katika Kurani walikuwa na mbwa wao. Bara mbwa huitwa Simba au Bosi, hupewa ukoko wa ugali, na mara nyingi hufungwa mnyororo tangu asubuhi hadi usiku. Sioni namna ya kuita hayo ufugaji. Huyo ni mfungwa anayelinda gereza lake.

Je, mnyama anatupenda kweli, au anapenda sahani? Mwaka 2015 watafiti wa Japani waliwaweka mbwa na wenyewe katika chumba kimoja kwa nusu saa, wakapima mkojo wa wote kabla na baada. Walikuwa wanatafuta oksitosini. Hiyo ni homoni, yaani kemikali ambayo mwili hutengeneza na kuisafirisha kwa damu ili kupeleka amri. Akina mama waliojifungulia hospitali wanaifahamu kama sindano, ile wanayochomwa mtoto akishatoka ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isitoke nyingi. Mwili wenyewe huitoa pia mama anaponyonyesha, na inahusishwa na ile hali ya kushikamana na mtoto. Kwa mbwa na watu waliotazamana sana, oksitosini ilipanda pande zote mbili. Sahani haikuwemo chumbani.

Mapenzi hayo yana gharama moja isiyokwepeka, nayo ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15, kwa sababu mtoto ndiye anayecheza na mbwa. Kampeni za kuchanja mbwa Pemba zimewahi kuufuta ugonjwa huo kisiwani kote, kwa hiyo si jambo la kumwachia Mungu peke yake. Mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na jirani anaapa ni mpole.

Mbuzi aliyepewa jina

Hili ndilo gumu, na vitabu vya malezi vilivyoandikwa Ulaya havitakusaidia, maana huko mnyama wa kupenda na mnyama wa kula ni wawili tofauti. Kwetu mara nyingi ni mmoja. Baba ananunua mbuzi mwezi mmoja kabla ya Idi au Krismasi kwa kuwa bado bei iko chini. Mbuzi anafungwa uani. Mtoto wa miaka saba anapewa kazi ya kumletea majani, na baada ya siku tatu mbuzi ana jina. Baada ya wiki mbuzi anamfuata mtoto hadi chooni. Halafu sikukuu inafika.

Nabii Nathani alilijua jambo hili. Alipotaka kumkemea Mfalme Daudi alimweleza habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekula chakula cha maskini huyo, akanywea kikombe chake na kulala kifuani pake, mpaka tajiri akaja kumchinja. Daudi, mtu wa vita, alikasirika mno. Hakuuliza kwa nini mtu mzima alale na kondoo.

Ushauri wangu ni huu. Mtoto asidanganywe. Siku mnyama anapoingia getini aambiwe yupo kwa ajili ya nini, na kama mnataka mtoto awe na mnyama wake, mpeni mwingine ambaye kisu hakimhusu. Kuku anayetaga anafaa sana: akiatamia, mtoto ahesabu siku 21 kwenye kalenda, na vifaranga wakitoka watakuwa wake. Siku ya kuchinja asilazimishwe kutazama. Mafundisho ya Kiislamu yenyewe yanataka kisu kiwe kikali na kisinolewe mbele ya mnyama. Dini inayojali macho ya mbuzi haiwezi kuyapuuza macho ya mtoto. Na akikataa nyama, apewe wali na mchuzi wa mboga bila mzaha.

Mzaha ndio unaoumiza. Mtoto wa kiume analia nyuma ya jiko, na wajomba waliokuja kula sikukuu wanamcheka: "Mwanamume analilia mbuzi!" Kila mtu anacheka, hata mama kidogo. Mtoto anajipangusa, anakuja mezani, anakula. Watu wazima wanasema amekua. Alichojifunza siku hiyo ni kwamba ukimpenda mtu au kitu, na watu wakajua, utachekwa, kwa hiyo ni afadhali kulisha bila kusema. Atakua, ataoa, atapata watoto. Jioni atavua viatu mlangoni aulize kama paka kala.

Wa kuanza ni wewe

Kijana aliyeuliza swali atataka kujua afanye nini na baba ambaye sasa ana miaka sabini. Usimwombe aseme. Wengi wao ukiwaomba hivyo watadhani unaumwa, au unataka kukopa. Tafuteni kitu cha kushika pamoja.

Kama yuko karibu na macho yamechoka, mpelekee gazeti umsomee kwa sauti, kurasa za michezo kwanza. Atakukosoa matamshi na atabishana na mwandishi. Kama ninyi ni wa mbali, uko Muscat au Minneapolis naye yuko Tanga, mwombe awarekodie wajukuu hadithi kwenye WhatsApp, kipande kwa siku, dakika mbili tatu tu. Usimwambie ni kwa ajili ya mapenzi. Mwambie watoto Kiswahili chao kimeharibika, hilo litamfikisha kwenye simu haraka. Wajukuu nao warekodi majibu, maana hadithi isiyoitikiwa haiendelei.

Na siku moja muulize, kama jambo la kupitia tu, alipokuwa mdogo alifuga nini. Ng'ombe, njiwa, mbuzi, mbwa wa kuwindia. Kwanza atakuuliza nani kakwambia. Usijibu, subiri. Akianza, usimkatize, na hakikisha una bando la kutosha.